Mdomo wa Mama Mkwe

Kila mwanamke wa Kimakonde mwenye akili zake anajua kwamba vichwa vya mapiko, vinyago vya kuvaliwa ngomani, huchongwa na wanaume kwa tezo na patasi. Na kila mwanamke wa Kimakonde mwenye adabu zake hajui. Estefania alikuwa na vyote viwili, akili na adabu, na kwa miaka thelathini na nane ya ndoa alivibeba bila kimoja kumwaga kingine.

Mumewe, Kornelio Nandenga, alikuwa fundi wa kuchonga. Mwaka mzima alichonga mpingo pale uwanja wa wasanii, nyuma ya stesheni ya reli mjini Nampula, mbele ya macho ya kila mtu: watu waliopandana mabegani, mashetani wa jicho moja, visanduku vya kuwekea hereni. Jioni alirudi nyumbani na unga mweusi kwenye nyusi. Lakini ilikuwapo miezi aliyorudi na vibanzi vyeupe shatini, vya mti mwepesi, na hapo Estefania alilikung'uta shati nje ya mlango, akafagia, akanyamaza. Mti mwepesi ni wa kichwa cha kuvaliwa. Siku ya ngoma kichwa hicho kitatoka juu ya mtu aliyefunikwa nguo mpaka vidoleni, na wanawake watakimbia, kwa kuwa huyo si mtu bali ni marehemu aliyerudi kucheza. Ndivyo inavyosemwa. Ndivyo Kornelio mwenyewe alivyomwambia mwaka waliooana, akimtazama usoni bila kupepesa, naye akaitikia "Mungu wangu" kwa sauti ya mtu aliyeogopa. Wakaendelea kula.

Mwaka huu vibanzi vyeupe vilianza Julai. Pamoja navyo yakaja maswali.

"Mama yako alikuwa na chale ngapi hapa shavuni?"

"Tatu tatu. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Mtu haruhusiwi kumkumbuka mkwewe?"

Siku mbili baadaye, Kornelio akiwa anajimwagia maji bafuni, alipaza sauti juu ya ukuta: "Mama Anselmo, paji la uso la marehemu lilikuwa pana, au ni nywele tu zilirudi nyuma?"

"Umekaa naye nyumba moja miaka kumi na saba."

"Nilikuwa simtazami. Mkwe hatazamwi."

Hilo lilikuwa kweli. Kornelio alikuwa mtu wa adabu zake naye. Miaka kumi na saba alimsalimia bibi yule huku akiangalia miguu yake au mlango.

Estefania aliweka chini kisu cha kumenyea muhogo akakaa juu ya kinu. Alikuwa ameshaelewa. Anayetengenezwa ni mama.

Mama yake aliitwa Nantuja, na alikuwa amekufa miaka tisa. Picha yake ilikuwapo moja tu duniani, ya kitambulisho, na kitambulisho kilizikwa naye ndani ya mfuko wa nguo kwa sababu siku ile hakuna aliyekumbuka kukitoa. Estefania hakumwambia mtu, lakini uso wa mama yake ulikuwa unamtoroka. Mikono aliikumbuka, na harufu ya tumbaku, na sauti iliyokwaruza. Uso alikuwa akiutafuta asubuhi akiwa amefumba macho, na kila mwezi ulikuja umepungua kitu. Sasa mume wake alikuwa anautengeneza upya. Alitaka kuuona kuliko alivyowahi kutaka kitu, na hakuruhusiwa hata kuuliza umefika wapi.

*

Wiki ya pili ya Septemba walifika watu wawili kutoka Maputo: Yolanda, msichana mrefu wa kalamu na daftari, na Edson, mpiga picha mwenye ndevu za mvi ambaye hakupenda kuongea. Ofisi yao ilikuwa inaandaa kitabu cha wasanii wa kaskazini. Walipouliza pale stesheni waanzie wapi, wakaambiwa wamtafute Mama Estefania anayepika. Ushauri ulikuwa mzuri. Estefania alikuwa amewalisha wasanii wa mji ule kwa miaka ishirini, ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, samaki mkavu siku za Ijumaa. Alijua nani anafanya kazi, nani anajisifu, na nani kazi zake zinafanywa na mpwa wake.

"Nitawazungusha," alisema. "Ila kabla ya saa sita niwe nimerudi. Wachongaji wakikaa na njaa wanakata vidole."

Walianza kwa Silverio, aliyekuwa juu ya ngazi akichora vichwa vinne kwenye ukuta wa kinyozi.

"Huyu ndiye mchoraji wa mabango," Estefania alimwambia Yolanda. "Mji mzima ni wa kwake. Ukitazama vichwa anavyochora utaamua kunyoa mwenyewe nyumbani."

"Mama, jana wali wako ulikuwa na mawe nikanyamaza," alisema Silverio kutoka juu.

"Ulinyamaza kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa."

Yolanda alicheka, akaandika. Aliuliza maswali mengi mazuri, kuhusu rangi, kuhusu nani alimfundisha. Silverio akashuka kwenye ngazi, akavua kofia, akaanza kujibu kama mtu anayeulizwa kwa mara ya kwanza maishani, na pengine ilikuwa kweli. Estefania akampenda yule msichana kidogo.

Kwa Muanacha, mfinyanzi wa Kimakua, walimkuta mwenyewe amekaa chini katikati ya vyungu, uso mweupe kwa msiro, ule unga wa mti wa urembo.

"Wewe Mmakonde, unaniletea wageni bila taarifa, na mimi sijajipaka sawasawa."

"Umejipaka mpaka masikioni. Ulitaka kupaka wapi tena?"

"Mwangalieni. Kwao uso wanauchanja kwa kisu, halafu anakuja kunifundisha urembo." Muanacha akamvuta Yolanda mkono, akautia kwenye udongo mpaka kifundoni. "Finyanga kwanza. Maswali baadaye."

Yolanda akafinyanga. Baada ya muda akauliza, bila kutoa mkono, kama Muanacha anajiita msanii.

"Najiita Muanacha," akajibu mama yule.

Waliporudi uwanjani ilikuwa karibu saa sita. Edson alikuwa amewaacha mapema na kwenda kivyake, na sasa alikuwa amekaa kwenye gogo akifuta lenzi. Wachongaji walikuwa kazini chini ya bati, kumi na mmoja, kila mmoja ameukumbatia mti wake kwa nyayo. Kornelio alikuwa wa mwisho kule pembeni. Estefania akafunua masufuria.

"Mama," alisema Yolanda akiwa ameshika sahani, "nimeona vyungu, mabango, mpingo. Kilichobaki ni mapiko. Ni nani kati ya hawa anayachonga?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Tezo kumi na moja zikasimama.

"Hayachongwi," alisema Estefania, akichota ugali. "Yanatoka."

"Yanatoka wapi?"

"Yanakotoka."

Yolanda akacheka, bila ubaya wowote. "Mama, jamani. Edson ameingizwa kule kwenye ua wa mianzi wanakochongea leo asubuhi. Kipo kichwa kimoja hakijamalizika, kizuri ajabu, amenitumia picha. Si angalia." Na kabla mtu hajanyanyuka, akaweka simu mbele ya macho ya Estefania.

Estefania alikuwa na upawa mkononi. Alitazama kwa muda wa pumzi mbili, halafu akaufunika uso kwa ncha ya kitenge.

Mzee Balitazari, mkubwa wa wachongaji, aliinuka polepole, mikono yote miwili kiunoni. Sheria alikuwa anaijua kila mtu pale isipokuwa wageni wawili. Mwanamke akisema ameona, kichwa hicho kinachomwa moto siku hiyohiyo na hakirudiwi.

"Mama Anselmo," alisema Balitazari. "Umeona nini?"

Kwa chini ya kitenge Estefania alimwona mume wake. Tezo yake ilikuwa hewani, haijashuka.

"Nimeona jua," alisema. "Limepiga kwenye kioo likaniingia machoni, nimekuwa kipofu. Binti, simu yako chafu. Ifute."

Balitazari akamtazama kwa muda, kisha akakaa. "Simu za siku hizi," alisema bila kumlenga mtu. Tezo zikaanza tena kugonga, moja baada ya nyingine. Ya Kornelio ilikuwa ya mwisho.

Baadaye, wakati wa kuosha sahani, Yolanda alikuja kuchuchumaa karibu naye. Uso ulikuwa umemshuka. "Edson ameniambia nilichofanya. Nisamehe, mama. Lakini... wewe si unajua?"

"Binti, unajua baba na mama yako walikupataje?"

"Najua."

"Umewahi kuwauliza mezani?"

Yolanda akainamisha kichwa akicheka kwa aibu. Estefania akampa sahani na kitambaa akaushe. Lakini mwenyewe alikuwa akiisugua sahani moja iliyokwisha takata, na haikuwa kwa sababu kichwa kilikaribia kuchomwa.

Ilikuwa kwa sababu ya mdomo. Paji la uso lilikuwa lenyewe. Chale zilikuwa tatu tatu. Macho yalikuwa madogo na ya kudai kitu, hasa. Lakini chini ya pua Kornelio alikuwa ameweka mdomo wa juu uliotokeza mbele, imara, na katikati yake ndonya, kile kipande cha mti cha kuvaa mdomoni, kubwa na ya mviringo, kama mafundi wa zamani walivyowachongea bibi wote. Ilikuwa kazi nzuri. Ilikuwa ya bibi fulani wa heshima wa Kimakonde. Haikuwa ya Nantuja.

Nantuja aliitoa ndonya yake mwaka wa pili wa vita, usiku walipowakimbia askari wa Wareno, Estefania akiwa na miaka tisa amemshika nguo. Akikimbia, ndonya iligonga meno, na kila hatua ilisikika. Akaichomoa akaitupa kwenye nyasi, akaendelea kukimbia kimya. Hakuivaa tena. Watu walipomwambia baada ya uhuru atafute nyingine, alisema aliyeitupa ndiye aliyewaokoa wanawe na hataki kumtukana. Toka hapo mdomo wake wa juu ulining'inia, laini, zaidi upande wa kushoto, na huo ndio mdomo uliombusu Estefania, ukamsema na kumtemea dawa kwenye vidonda. Sasa atarudi mbele ya mji mzima akiwa na mdomo wa mtu mwingine. Na huo ndio watu watakaoukumbuka. Kadiri miaka inavyokwenda, ndio na yeye atakaoukumbuka.

*

Estefania alilala na wazo la mdomo ule, akaamka nalo. Alfajiri alipika chai, akaweka muhogo wa kuchemsha, akamsubiri mumewe ameze tonge la kwanza.

"Nimemwota mama."

Kornelio akaacha kutafuna.

"Amekuja hapo mlangoni," aliendelea Estefania. "Amekasirika."

"Amekasirika nini?"

"Mdomo. Anasema kuna mtu amemvalisha ndonya."

Kornelio akanywa chai taratibu sana. Walikuwa wote wawili wanajua kilichotokea jana pale uwanjani. Ila ndoto ni ndoto, na marehemu haombi ruhusa ya mtu kuzungumza na mwanawe.

"Ndonya ni heshima," alisema hatimaye, akiangalia kikombe. "Bibi wa umri ule bila ndonya, watu watasema nini? Watasema aliyem... watasema huko aliko hawana fundi."

"Ndicho nilichomwambia. Akasema yeye hajamwomba mtu heshima. Akasema aliitupa kwa mkono wake."

"Tangu lini marehemu wakawa wabishi hivi?"

"Huyu ni mkweo. Ulitegemea amebadilika?"

Kornelio karibu acheke. Akafuta mdomo kwa kiganja. Alikuwa na miaka sitini na minne, mgumu kama mpingo wenyewe, na kwa kazi yake alikuwa amesifiwa na watu wengi kiasi kwamba kukosolewa kulikuwa kumeshapotea njia ya kumfikia. Kuku aliingia, akatoka.

"Kwani ulikuwaje?" aliuliza.

"Nini?"

"Mdomo wake. Nilikuwa simtazami, nimekwambia."

Estefania akajaribu kueleza. Ulikuwa umeshuka, alisema. Umeshuka namna gani? Kama nguo kwenye kamba. Nguo nzito au nyepesi? Akachoka na maneno. Akasogeza kigoda mpaka mlangoni penye mwanga wa asubuhi, akakaa, akaulegeza mdomo wake wa juu, akauachia uanguke, kidogo zaidi upande wa kushoto.

"Hivi."

Kornelio akaja akapiga magoti mbele yake. Hakutazama sana. Mchongaji huona kwa kidole gumba. Aliweka gumba lake chini ya pua ya mkewe, gumba gumu lenye makovu, akalishusha polepole juu ya mdomo mpaka pembeni, akarudia, akasimama pale uliposhuka, akaubonyeza kidogo kujua una uzito gani. Estefania alifumba macho. Ilikuwa miaka mingi hajaguswa uso namna ile, bila haraka. Alisikia pumzi yake ya chai.

"Usicheke," alisema Kornelio.

"Sicheki."

"Unatetemeka."

"Ni baridi."

Hapakuwa na baridi. Kornelio alipitisha gumba mara ya mwisho, halafu akaliacha pale shavuni kwa muda ambao hakuuhitaji kwa kazi yoyote.

"Mnafanana," alisema, akainuka, akachukua mfuko wake wa vifaa.

Siku ya tatu alirudi ameudhika. Alitupa mfuko kwenye kona, akakaa bila kunawa.

"Kuna kigoda nachonga," alisema.

Estefania aliendelea kutwanga. "Kigoda."

"Kigoda. Mguu mmoja nilikuwa nimeufanya vile, mwenyewe akataka hivi. Nimeukata ule wa zamani. Nimeukata mwingi mno. Sasa mti haupo. Mti ukishatoka huwezi kuurudisha. Kigoda kimebaki na shimo."

"Shimo kubwa?"

"La kutosha."

"Na zimebaki siku ngapi hicho kigoda kitakiwe?"

"Tisa. Kuanza kingine upya siwezi."

Alisema hivyo na sauti ikamkatika mwishoni, jambo ambalo Estefania alikuwa amelisikia mara mbili tu tangu amjue. Akaacha mchi. Aliwaza juu ya mama yake amekaa gizani nyuma ya ua wa mianzi akiwa na shimo usoni.

"Muanacha alikuwa na chungu kimetoboka," alisema. "Hakukitupa. Alikiziba kwa nta."

"Kigoda cha nta?"

"Mimi sijui vigoda. Nazungumzia chungu."

Kornelio akamtazama. Chini ya kucha zake mwenyewe kulikuwa na nta, kwa kuwa chale za kichwa hazichongwi, hubandikwa kwa nta, mstari kwa mstari. Lakini mdomo mzima wa nta hakuna aliyewahi kufanya. Nta ni ya mapambo. Mambo ya maana ni ya mti.

"Watanicheka," alisema.

"Kwa kigoda?"

Jumapili Estefania alikwenda sokoni, akanunua bonge la nta ya porini, nyeusi, yenye miguu ya nyuki ndani yake. Akaiweka mezani. Kornelio aliporudi aliuliza ni ya nini.

"Ya visigino. Vimenipasuka."

"Yote hii?"

"Ninavyo viwili."

Asubuhi nta haikuwapo mezani, na wala mtu hakuitafuta.

*

Tarehe ishirini na tano Septemba ni sikukuu ya wapiganaji, na Wamakonde wa Nampula huicheza kwenye uwanja wa mpira nyuma ya kambi ya jeshi. Jua la mwezi ule halina huruma. Estefania alivaa kitenge kipya, akakaa upande wa wanawake na wenzake wa umri wake, Yolanda akiwa katikati yao. Simu yake alikuwa ameikabidhi kwa Edson tangu asubuhi, bila kuambiwa.

"Nikimbie lini?" aliuliza Yolanda.

"Utatuona. Na ukikimbia, kimbia kweli. Usikimbie kama mtu wa Maputo."

Ngoma zilianza ndogo, zikaingia kubwa. Likatoka lipiko la kwanza, la Mwarabu mwenye kilemba, wanawake wakakimbia, wakarudi wakicheka na kulitukana. Likatoka la pili. Saa tisa kasorobo ngoma zikabadilika, zikawa nzito na za polepole, na nyuma ya ukuta wa wanaume njuga zikasikika zikija kwa hatua za mtu mzima.

Lipiko likajitokeza. Bibi.

Estefania alikuwa ameshainuka na wenzake, tayari kukimbia, akasimama palepale. Paji lile. Macho yale ya kudai. Na chini ya pua hakuna ndonya. Mdomo wa juu ulining'inia, mweusi, unang'aa, ukielekea kushoto. Ulikuwa ndio wenyewe. Wenzake walimvuta kitenge, akakimbia nao hatua kumi, akageuka.

Bibi alicheza vizuri. Alitembea kwa kiuno kizito, akasimama mbele ya wapiga ngoma, akawakaripia kwa mkono. Watu walipiga vigelegele. Lakini uwanja ule hauna mti hata mmoja, na jua lilikuwa linapiga moja kwa moja usoni. Baada ya wimbo wa pili Estefania aliona mdomo umeshuka zaidi. Wimbo wa tatu ukashuka tena. Nta ilikuwa inalainika. Ulianza kutambaa taratibu kuelekea kidevuni, na ukingo wake wa kushoto ukaachia kabisa.

Estefania alimtafuta mumewe kati ya wanaume. Kornelio alikuwa amesimama nyuma ya ngoma kubwa, na kiganja chake kilikuwa kimefunika macho. Balitazari, pembeni yake, alikuwa anaangalia kwingine kama mtu anayemstahi mwenzake aliyevuliwa nguo. Vijana kadhaa walikuwa wameanza kuelekezana kwa vidole.

Aliyevaa kichwa alisikia kitu kinateleza. Bila kuacha kucheza alinyanyua mkono uliofunikwa nguo, akaunyoosha mdomo juu kwa kidole cha shahada, akaushikilia pale. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa mdundo. Akawa anacheza hivyo, mabega yakitikisika, kidole juu ya mdomo.

Mwanamke mmoja mzee sana karibu na Estefania, aliyekuwa anakimbia kwa fimbo, akasimama. "Nantuja huyo," alisema. "Anacheka."

Mwingine akasema, "Ndiye. Ndivyo alivyokuwa akicheka."

Na Estefania akakumbuka. Toka ndonya ilipotoka, mama hakuweza kucheka bila mdomo kumpigapiga, kwa hiyo kila alipocheka aliushikilia kwa kidole, mabega yakitikisika. Miaka yote ile. Alicheka hivyo juu ya kitanda cha mjukuu wake Anselmo alipozaliwa. Alicheka hivyo siku mbuzi alipokula barua ya chama. Estefania hakuwa amemwambia Kornelio jambo hilo, hakuweza kumwambia, maana lilikuwa limekwisha kumtoka kichwani pamoja na mengine, na alikuwa hajui hata kwamba limetoka.

Wazee wa kike wote walikuwa wamesimama sasa. Walikuwa wanapiga vigelegele na kulia, na vijana waliokuwa wanaelekezana wakanyamaza, wakidhani kwamba ndivyo ilivyopangwa. Yolanda alikuwa amekimbia kweli. Alikuwa peke yake mbali kule golini, anahema.

*

Kornelio alirudi jua likiwa bado lipo. Estefania alikuwa ametangulia, ameteka maji, ameweka kigoda nje. Mumewe alikaa bila kuvua viatu.

"Nta haiwezi jua," alisema. "Kila mjinga anajua. Nimezeeka vibaya."

"Nta gani?"

"Ile ya visigino vyako."

"Visigino vyangu vimepona," alisema Estefania.

Kornelio alitikisa kichwa. Alikuwa na huzuni ya kweli, ya fundi, ambayo haiondolewi kwa maneno. Estefania alitaka kumshukuru, ila hapakuwa na jambo la kushukuria, maana hakuna aliyetengeneza kitu. Mama alikuja mwenyewe, kutoka anakotoka. Akachuchumaa akaanza kumfungua kamba za viatu, kitu ambacho hakufanya hata walipokuwa wachanga wa ndoa.

"Unafanya nini, Mama Anselmo?"

"Leo mama alicheka," alisema. "Bibi wote wamemwona. Mimi nilikuwa nimesahau alivyokuwa anacheka."

"Alikuwa anachekaje?"

Estefania akainua uso. Akaulegeza mdomo, akaweka kidole cha shahada juu yake, akatikisa mabega, na katikati ya kutikisa, machozi yakamtoka akiwa bado anacheka.

Kornelio alimtazama usoni, moja kwa moja, kwa muda mrefu.

"Onesha tena," alisema.

Akaonesha tena.